Cheti cha daktari kabla ya joging: kwa nani hasa?

Kila mzee anapoanguka uwanjani, hoja ileile huibuka kwenye vikundi vya joging na timu za maveterani: aliyevuka miaka 50 asivae raba mpaka alete karatasi ya daktari. Si hoja ya kupuuza. Jim Fixx, Mmarekani aliyewashawishi wengi kukimbia, alifariki mwaka 1984 akiwa mbioni, na miaka yake 52. Baba yake alikufa kwa maradhi ya moyo akiwa na miaka 43, na mishipa ya moyo ya Fixx mwenyewe ilikutwa imeziba vibaya.

Ila karatasi hiyo ina bei. Mstaafu asiye na bima akiambiwa alipie daktari na ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ndipo aruhusiwe kutembea haraka, atabaki barazani, na kukaa kunaua pia. Ndiyo maana mwaka 2015 wataalamu wa tiba ya michezo wa Marekani (ACSM) walilegeza mwongozo wao: wasipelekwe wote kwa daktari kwa sababu ya umri tu, bali iulizwe kama mtu ana mazoea ya mazoezi, ana ugonjwa au dalili, na anataka kujituma kiasi gani. Isitoshe, ECG ya mtu aliyelala kitandani yaweza kutoka safi huku mishipa ikiwa na hitilafu.

Kwangu, swali la mazoea ndilo zito. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 1993 ulikuta kwamba kwa mtu asiye na mazoea, uwezekano wa shambulio la moyo ndani ya saa moja baada ya kujituma sana hupanda zaidi ya mara 100 ukilinganisha na akiwa ametulia. Kwa anayejituma mara tano au zaidi kwa wiki, hupanda mara 2.4 tu. Sasa mtazame veterani wa Jumapili: wiki nzima kwenye kiti cha ofisi, kafika mechi imeanza, hapashi mwili, anaingia winga kumkimbiza kijana wa miaka 30. Huyu hata awe na cheti, simwamini. Mama anayetembea sokoni kila siku hahitaji karatasi ili aendelee kutembea.

Wanaodai vipimo wananishinda mahali pamoja. Watu wetu wakibanwa kifua wakipanda ngazi husema ni gesi. Mwenye dalili hiyo, au aliyewahi kuzirai akijituma, aanzie hospitali, hakuna mjadala. Anayetumia atenolol, dawa ya presha na moyo, naye asikadirie kikomo cha mapigo ya moyo wake kwa kutoa umri kwenye 220, kwani dawa hiyo huyashusha. Ajipime kwa maneno: aweze kuzungumza huku anatembea, ila asiweze kuimba.

Vikundi navyo vingeanza na mashine ya presha mezani kabla ya kuondoka, na watu wawili watatu waliofundishwa kukandamiza kifua cha aliyeanguka. Vinavyodai cheti bila kuwa na hayo vinajikinga na lawama tu.