Ubani wa Mzee Ozzy

Wanamuziki wa roki wakitangaza kustaafu, mashabiki wao wa siku nyingi hawaamini. Wanalia, wananunua fulana, kisha wanakaa kumsubiri mtu wao arudi. Na hapa Birmingham, Uingereza, aliyewazoesha tabia hiyo ni Ozzy Osbourne mwenyewe. Mwaka 1992 alifanya ziara ya kuaga na kuipa jina la kwamba hakuna ziara tena. Mwaka 1995 huyo karudi jukwaani, na mara hii jina la ziara lilikuwa la kutukana kustaafu kwenyewe. Februari 2017 bendi yake ya Black Sabbath ikapiga onyesho la mwisho hapahapa mjini, watu wakalia mpaka macho yakawavimba. Mwaka uliofuata bwana mkubwa yuko safarini tena, ziara ya pili ya kuaga.

Haya nimefundishwa na mzee mmoja tunayefanya naye kazi ghalani, zamu ya usiku. Yeye ndiye dereva wa foklifti, kigari cha kunyanyulia mizigo. Mimi mtu wa Wete, Pemba, nimekulia kwenye kasida na taarabu. Roki alinitia yeye, kwa redio ndogo aliyoifunga kwa waya karibu na usukani. Kabatini ana fulana ya kuaga ya 1992, ya 2017 na ya 2018. Huniambia, "Nimemuaga mtu huyu mara nyingi kuliko nilivyowaaga wake zangu," na wake alioachana nao si haba.

Lakini la Julai 5, 2025 hata yeye alilikubali. Ozzy alikuwa ameanguka nyumbani kwake mwaka 2019, akafanyiwa upasuaji si mara moja. Januari 2020 akatangaza kwamba ana Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka, na Februari 2023 akasema mwili hauwezi tena kuzunguka. Ikapangwa siku moja tu, Villa Park, uwanja ulio katika mtaa uleule wa Aston alikokulia. Nao wanne wa mwanzo wa Black Sabbath, yeye na Tony Iommi na Geezer Butler na Bill Ward, wasimame pamoja kwa mara ya kwanza tangu 2005. Bendi za Metallica na Guns N' Roses ndizo zilizokuwa za kutangulia, ujue shughuli ilikuwa ya ukubwa gani. Tiketi hatukupata. Tukakubaliana tukasimame nje ya ukuta, sauti haina tiketi.

Sasa nyumbani kwangu alikuwapo shangazi yangu, kaja kutoka Wete kumwangalia mke wangu aliyejifungua. Asubuhi ile nikamuaga: "Shangazi, mimi natoka. Nakwenda Aston, kuna mzee anaagwa."

"Mzee wa nani?"

"Mzee wa hapahapa, maarufu. Ameumwa muda mrefu."

"Maskini. Ana watoto?"

"Anao, na wajukuu."

Kila neno nililosema lilikuwa kweli, naomba hilo liandikwe. Baada ya dakika chache shangazi akatoka chumbani kavaa buibui lake jeusi, mkoba kwapani, mkononi bakuli kubwa la visheti lenye kifuniko. Nikajua anataka kupunga upepo. Amekaa ndani wiki nzima anamkanda mke wangu, nani wa kumnyima?

Kituo cha New Street kuna dume la ng'ombe la mashine, urefu wake mita kumi, lililobaki kutoka Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2022. Wenye mji walipiga kura wakaliita Ozzy. Nilipomweleza hivyo shangazi akalitazama kwa adabu kubwa, kama mtu anayekadiria ng'ombe wa hitima. Ndani ya treni, nyeusi tupu. Wanaume wazima wenye ndevu za kufika kifuani wanakumbatiana, mmoja anafuta machozi kwa kofia. Kila kifua kina fulana yenye sura ya mzee na tarehe ya siku ile. Shangazi ameishi Dar es Salaam miaka mingi, fulana za namna hiyo amewahi kuziona, na hakuziona harusini.

"Ana watu mzee huyu," akaninong'oneza.

"Ana watu sana, Shangazi."

Tuliposhuka Witton nikagundua jambo ambalo sikulitarajia: katika maelfu yale ya watu weusi kwa mavazi, aliyependeza kuliko wote alikuwa shangazi yangu. Buibui la Pemba, utosini mpaka kisiginoni, halina hata uzi wa rangi nyingine. Vijana wakawa wanasimama kumwomba picha. Wanamwinulia vidole viwili kwa mtindo wa pembe, yeye anawajibu kwa kufungua viganja na kuwaombea subira. Wengi walikuwa na misalaba mikubwa shingoni, kwa sababu baba yake Ozzy, fundi wa chuma, ndiye aliyeitengenezea bendi misalaba yao ya mwanzo. Shangazi akaiona, akatikisa kichwa akasema, "Alikuwa mtu wa kanisa." Hapo nilinyamaza. Jina la utani la mzee huyu duniani ni Mfalme wa Giza, na sikuona faida ya kulitaja mbele ya mwanamke aliyeshika tasbihi.

Mama mmoja mwenye nyumba karibu na uwanja, mwenye asili ya Pakistani, alikuwa ametoa viti barazani anauza sambusa na maji. Kumwona shangazi tu akampisha kiti. Nikamwacha hapo, nikaenda kumtafuta mtu wangu wa foklifti.

Nikamkuta kwenye kiukuta na wazee wenziwe, wote wametoka viwandani. Wale hawakuwa wanalia. Walikuwa wanabishana. Mmoja alishika kwamba hii ndiyo mara ya mwisho, mwingine anasema atasubiri mpaka 2028 ndipo aamini. Wa tatu, mwenye kidole kilichokatika, akasema muziki ule mzito umetoka kwenye mashine za mji huu. Tony Iommi alikatwa ncha za vidole viwili kiwandani akiwa na miaka 17, akajitengenezea kofia za plastiki za kuvalisha vidole, akalegeza nyuzi za gitaa ili zisimuumize. Ozzy mwenyewe amefanya kazi machinjioni, na kabla ya hapo kiwandani, kazi yake kusikiliza honi za magari moja baada ya moja kama zinalia sawa. "Ndiyo maana hasikii," akasema mwenye kidole, na wote wakacheka. Nilikaa nao zaidi ya nilivyokusudia. Kuna raha ya kusikiliza watu wakimsema mtu wanayempenda bila kumpamba.

Niliporudi barazani jua limeanza kuinama, na visheti vimekwisha. Bakuli halikuwa tupu lakini. Lilikuwa limejaa fedha.

Shangazi kakaa kitini, mtandio kaushusha hadi kwenye nyusi, bakuli mapajani. Vijana wamejipanga. Kila mmoja anainama, anatia sarafu au noti, anapewa mkono, anaambiwa, "Poleni sana, mwanangu. Ndiyo njia yetu sote." Hakuna aliyeelewa neno, na wawili wametoka pale wanalia.

"Shangazi, nini hii?"

"Ubani. Mtu wa kwanza alitia mwenyewe baada ya kula kisheti, nikaona basi hawajaweka mtu wa kupokea. Watu wa huku wakarimu, ila hawataji majina. Sasa utawaandikaje?"

Kabla sijafungua mdomo akatokea bwana mwenye kizibao cha riflekta. Akauliza kwa upole, tunachangisha kwa niaba ya nani, na kibali cha halmashauri kiko wapi. Hapa Uingereza huwezi kusimama njiani na bakuli ukachangisha bila leseni. Shangazi akamwona kavaa tofauti na wenzake, akajua huyu ndiye msimamizi wa msiba. Akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia apige moyo konde, na kwamba yeye ametoka mbali lakini msiba hauna mgeni. Yule bwana akanitazama nitafsiri.

Nikageuka kwa shangazi kwanza. "Shangazi, mzee hajafa."

"Nani?"

"Huyu anayeagwa. Yuko hai. Yumo mle ndani."

"Yumo mle ndani, ndiyo. Wamemlaza."

"Anaimba."

Akasikiliza. Ukuta wa uwanja ulikuwa unatetemeka kwa gitaa, na juu ya gitaa ile sauti nyembamba ya pua ambayo huwezi kuichanganya na ya mtu mwingine. Shangazi akanitazama kama mtu aliyeibiwa. "Anayepiga kelele hizi ndiye marehemu?"

Halafu ukaanza ule wimbo wake wa taratibu, ambao ndani yake anamwambia mama kwamba anarudi nyumbani. Uwanja mzima ukawa unaimba, na barabara nayo. Neno moja tu shangazi alilielewa. "Anamwita mama yake?" akauliza. Nikamweleza maneno yanayofuata. Akafunika bakuli kwa upande wa buibui. "Basi wacha ubani ukae. Huyo yuko mlangoni."

Aliyetuokoa ni mtu wa foklifti. Alikuja, akasikia mkasa, akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akamwambia mwenye kizibao kwamba faida ya onyesho lile ilikuwa inakwenda Cure Parkinson's, hospitali ya watoto ya Birmingham na Acorns wanaouguza watoto, na fedha hizi zifuate njia hiyohiyo. Yule bwana akakubali, kwa sharti bakuli lifungwe na tuhesabu mbele yake. Tukahesabu juu ya boneti ya gari la jirani: pauni 64, kipande cha plastiki cha kupigia gitaa, na kitufe. Nikalipa shirika la Parkinson kwa simu palepale, bwana anachungulia skrini.

Mtu wa foklifti akaona lazima shangazi apewe heshima. Akamsimulia, mimi nikitafsiri, habari ya Januari 1982, mji wa Des Moines kule Iowa: shabiki alirusha popo jukwaani, Ozzy akadhani ni wa mpira, akamng'ata kichwa, usiku huohuo akakimbizwa kudungwa sindano za kichaa cha mbwa. Nilitafsiri kwa wasiwasi. Shangazi alikuwapo Pemba mwaka 1995, watu walipokuwa wakilala nje makundi kwa makundi kwa kumwogopa Popobawa. Akasimama kitini.

"Kamng'ata popo? Kichwa?"

"Kichwa."

"Na mtu huyu mlikuwa naye siku zote, msituletee?"

Magharibi ile iliingia saa tatu na nusu usiku, jambo ambalo shangazi hakulikubali mpaka anaondoka nchi hii. Akaswali sebuleni kwa mama wa sambusa. Fataki zilipolipuka juu ya paa alikuwa kwenye atahiyatu, hakutikisika.

Usiku tukamwonyesha onyesho kwenye simu, maana lilirushwa kwa kuchelewa saa mbili. Ozzy alipanda jukwaani kakaa kwenye kiti cheusi cha enzi chenye popo, macho makubwa, mikono inapiga makofi, miguu haimtii. Shangazi akatazama kimya, mjukuu kifuani, kisha akasema kitu ambacho nimewasimulia wazee wa kiukutani nao wakakipenda: sisi kwetu mtu husifiwa akishavishwa sanda, na hawa wamemsifu anasikia. Akaongeza kwamba hata hivyo ubani wake haukupotea.

Julai 22 Ozzy akafariki. Siku 17 tu. Shangazi alikuwa amesharudi Wete, na sijui nani alimfikishia habari mapema kuliko mimi, kwani sauti yake ilikuwa kwenye simu yangu kabla ya redio ya foklifti: "Nimesikia. Poleni. Niliwaambia yuko mlangoni, mkanicheka. Ule ubani mjane aliupata? Na mwambie sisi ndio tuliotangulia."

Julai 30 jeneza lilipitishwa Broad Street, bendi ya matarumbeta mbele, maua yamejaa kwenye daraja lenye jina la Black Sabbath. Nilikwenda na mtu wa foklifti. Tumesimama kwenye umati, kijana mmoja akanigusa bega akauliza yule bibi wa nguo nyeusi yuko wapi, aliyewapa pole wiki mbili kabla ya watu wote. Akaniuliza kwa sauti ya chini, kama anayeuliza habari za mganga. Ghalani nako habari zimeenea. Hakuna anayekubali tena kula kisheti changu.

Mtu wa foklifti mwenyewe anastaafu Machi. Wameshaanza kuchanga, kutakuwa na keki na hotuba ya meneja. Alinijia kwenye mapumziko ya chai, akaiweka redio chini, akasema anamheshimu sana shangazi yangu, ila ananiomba kama mwanawe nisimwambie kwamba kuna mzee anaagwa.

Nimechelewa. Keshaniuliza tarehe.