Moshi wa Tanga msiufute

Kuna mwandishi mmoja anayesema filamu ya vita ikiwa na hadithi nzuri, bunduki yoyote ya zamani inatosha. Hapana. Naomba nimpinge kwa moyo wote.

Chukua mapigano ya Tanga kati ya Mjerumani na Mwingereza, Novemba 1914, Vita Kuu ya Kwanza. Askari wengi wa jeshi la Mjerumani walikuwa bado na bunduki ya Mauser ya mwaka 1871. Milimita 11, baruti nyeusi, risasi moja tu: ukishafyatua unafungua, unatoa ganda, unatia nyingine. Na kila mlio unaacha wingu la moshi juu ya kichwa chako, adui anajua ulipolala. Upande wa Waingereza kulikuwa na bunduki za Lee-Enfield, magazini ya risasi 10, baruti isiyo na moshi. Sasa wewe mtengeneza filamu ukimpa yule askari Mauser ya 1898 kwa sababu ndiyo iliyopo stoo, umemnyang'anya nusu ya ujasiri wake. Babu zetu walishikilia mji ule na silaha iliyokuwa inawasaliti kila wakipiga!

Halafu kuna jambo ambalo waigizaji wangelipenda sana: baada ya ushindi askari wa Mjerumani waliokota mamia ya bunduki za kisasa, bombomu (bunduki za rashasha) 16 na risasi kama laki 6. Kwa hiyo filamu ikifika 1915, askari wa Mjerumani akionekana na bunduki ya Mwingereza si kosa, ndivyo ilivyokuwa.

Na moshi wa baruti nyeusi ni mweupe, jamani. Msiupake masizi.