Soksi za bahati na vipigo 21 vya White Sox

Kwanza niwaeleweshe watu wa mpira wa miguu. Nyie timu yenu ikifungwa Jumamosi mnanuna wiki nzima, mnapona, mnarudi. Besiboli haina huruma hiyo. Ligi kuu ya Marekani kila timu inacheza mechi 162 kuanzia mwishoni mwa Machi mpaka mwishoni mwa Septemba, karibu kila siku ya Mungu, kwa hiyo timu ikiwa mbovu unapigwa jana, unapigwa leo, na kesho unaamka unajua jioni kuna kipigo kingine kinakusubiri. Sasa mwenzenu naishi Chicago, timu yangu White Sox, na mwaka ninaousimulia ni 2024. Anayejua ameshaanza kucheka.

Asiyejua ni hivi: mechi 25 za kwanza tulishinda 3. Tatu jamani. Mwezi Mei tukacheza na Baltimore Orioles, raundi ya mwisho tunafufuka, tumeshafika wao 8 sisi 6, watu wetu wawili wako kwenye besi, vile vituo vya kukimbilia, mpigaji akaupiga mpira ukapaa juu juu tu, refa akasema huyo kwa kanuni ameshatoka, sawa, halafu akamgeukia mwenzetu aliyekuwa anarudi zake besi ya pili eti umemzibia mdakaji njia, na wewe nje. Mechi kwisha. Na mdakaji mwenyewe mpira aliudaka bila shida yoyote! Nilikaa naangalia runinga mpaka matangazo ya magodoro yakaisha.

Sasa turudi kwenye soksi. Tarehe 10 Julai tulikuwa na mechi mbili siku moja dhidi ya Minnesota Twins, na ya kwanza tukashinda. Siku hiyo nilikuwa nimevaa soksi fulani nyeupe zenye mstari mweusi, za kawaida kabisa, ila kila shabiki mwenye akili zake anajua kwamba soksi zikileta ushindi hazifuliwi mpaka ushindi mwingine uje, maana ukizifua bahati inaondoka na povu. Nikatamka kwa sauti, mke wangu shahidi, sizifui mpaka tushinde tena. Nilijua ni suala la siku mbili tatu hivi.

Mechi ya pili tukapigwa. Wakaja Pittsburgh wakatupiga hapahapa kwetu. Ligi ikapumzika kidogo kupisha mechi ya nyota, soksi nazo zikapumzika ndani ya viatu. Tukaenda Kansas City, kipigo. Texas, kipigo. Seattle wakaja, kipigo, Kansas City wakarudi tena kumalizia kazi. Na mimi kila mechi nazivaa, halafu ni Julai, mnajua Chicago ya Julai jasho lake. Zilifika mahali nikizivua zinabaki zimesimama zenyewe. Mama watoto akaanza kulala upande wa dirishani. Nikamwambia vumilia mama, leo tunashinda, nimeiona ratiba. Hakunijibu, alivuta shuka tu mpaka puani.

Jumapili ya tarehe 4 Agosti tulikuwa Minnesota mchana, tumeshapoteza 19 mfululizo. Mchana huohuo tulikuwa na miadi ya kwenda kuangalia apatimenti ya kupanga. Nzuri, vyumba viwili, mwanga wa kutosha, mke wangu ameishaipangia mapazia kichwani. Mimi nimevaa soksi kwa sababu mechi inaendelea, na sikio moja nimeweka spika ndogo ya simu nasikiliza redio.

Mama mwenye nyumba ni bibi mmoja mchangamfu, anatufungulia mlango, nakuta ukutani bendera ya Cubs. Cubs! Wale wa upande wa kaskazini wa jiji, walikaa miaka 108 bila kombe, wakalipata 2016 na hawajanyamaza mpaka leo. Sisi tulichukua letu 2005, tukawapiga Houston Astros nne bila, hakuna anayekumbuka. Nikameza mate nikatabasamu. Bibi akasema, "Karibuni, karibuni sana, ila viatu naomba mviache hapo, zulia nimebadilisha juzi."

Mke wangu akanitazama. Yaani ule mtazamo nisingemtakia adui yangu.

Nikavua. Zulia jeupeee. Tukapita sebuleni, tukapita jikoni, na tulipofika jikoni bibi akasimama ghafla, akanusa, akasema hebu ngojeni, hamsikii harufu? Mke wangu anaangalia dari. Mimi naangalia jiko, nikajikuta nasema, "Labda gesi." Sijui neno lile lilitoka wapi ila lilitoka. Bibi akashika kifua. Akafungua madirisha, akatutoa nje wote mbio, nikavaa viatu tukiwa tunakimbia, akapiga simu kampuni ya gesi. Tumesimama barabarani pamoja na wapangaji wa juu, mmoja kajifunga taulo amembeba paka, na sikioni nasikia Twins wameongeza pointi nyingine.

Fundi akaja na kile kimashine chake cha kupimia, akaingia, akazunguka nyumba nzima, akatoka akasema mama hapa hakuna gesi hata chembe, na harufu yenyewe mbona siisikii? Bibi akashukuru Mungu, akatuambia wanangu turudini tumalizie, na wewe fundi hebu ingia nasi uhakikishe mara ya mwisho. Tukarudi. Viatu mlangoni.

Hatukufika hata jikoni. Bibi akapiga kelele, "Hiyo! Imerudi!" Fundi akasimama katikati ya sebule, kimashine kinasoma sifuri, akakizima akakiweka mfukoni, akaanza kutumia pua. Akaenda kwenye pazia, hapana. Akaenda kwa mke wangu, akaomba radhi, hapana. Akaja kwangu, akainama kidogo, akasimama wima haraka sana.

"Ndugu, hebu vaa viatu."

Nikavaa. Akanusa hewani, akatikisa kichwa kama mtaalamu.

"Sasa vua."

Nikavua.

"Basi vaa. Mama, gesi yako iko salama."

Ilibidi nijieleze, mechi 19, sasa hivi zinakuwa 20, nadhiri, nikamweleza yote. Bibi alicheka mpaka akakaa kwenye zulia lake. Akampigia dada yake palepale, "Njoo haraka, nimempata mtu wa White Sox ndani ya nyumba!" Fundi naye kumbe Cubs. Nyumba hatukupata lakini, alisema kuna mtu mwingine alishaiomba asubuhi, huku bado anafuta machozi ya kicheko.

Kwenye gari hakuna aliyeongea, ila vioo vyote vinne vilikuwa wazi. Usiku ule mke wangu akasema achague mtu, soksi au kitanda. Mimi ni mtu wa suluhu, nikazifunga kwenye mifuko ya nailoni mitatu nikaziweka kwenye friza, kwa hoja kwamba baridi inaua harufu ila haigusi bahati. Hoja hiyo hakuna aliyeipinga kisayansi mpaka leo. Jumatatu nikazitoa, nikazivaa zikiwa barafu, tukacheza Oakland, tukapigwa. Ya 21 hiyo, tukawafikia Orioles wa 1988 kwa rekodi ya vipigo mfululizo ya American League, nusu moja ya ligi kuu.

Jumanne tuko Oakland tena, mechi inaanza usiku kwetu, nafungua friza, mifuko haipo. Nikamwita mama watoto, kimya. Nikaangalia mechi miguu mitupu, roho juu juu. Na timu ikacheza! Tukashinda 5-1. Nikaruka, nikapiga kelele, jirani wa chini akagonga dari, na wakati huohuo mlango ukafunguliwa, mke wangu anapandisha kutoka besimenti na kapu la nguo, juu kabisa soksi zangu, nyeupeee, zinanukia maua.

"Mmeshinda?"

"Tumeshinda."

"Nilizitumbukiza mechi ilipoanza." Akaweka kapu chini taratibu. "Kwa hiyo mechi zote 21 ni wewe."

Mimi hilo sikubali. Timu ilikuwa mbovu, kila mtu aliona. Siku mbili baadaye, tarehe 8, wakamfukuza kocha Pedro Grifol, na mke wangu alipoisoma habari hiyo akasema wamemwonea yule baba, wangekufukuza wewe. Akawapigia ndugu zake wote. Shemeji zangu mpaka leo wananiita kocha.

Toka siku hiyo kabla ya kila mechi soksi zinafuliwa kwa amri. Na bado tuliendelea kupigwa, mwisho wa Agosti tukaanza msururu mwingine wa 12, nikamuuliza, haya na hizi je? Akajibu uliwahi kuzivaa hazijakauka. Hapo utabisha nini?

Septemba tukafika kipigo cha 120, sawa na New York Mets wa 1962, bado kimoja tuandike rekodi mpya ya vipigo vya msimu mmoja tangu 1900. Nikakata tiketi kwenda kushuhudia, uwanja una watu waliokuja kwa nia hiyohiyo, wengine wanaimba timu iuzwe. Los Angeles Angels, wageni wetu, wanaongoza, tunaisubiri historia. Mara White Sox wakageuza wakashinda 3-2. Wakashinda na kesho yake. Na kesho yake! Mwaka mzima nimewaomba washinde hawataki, siku nimelipia niwaone wakifungwa ndiyo wanashinda tatu mfululizo, na nyumbani kuna mtu anapanga masanduku ya sabuni kwenye rafu kama mganga anayesubiri wateja.

Ijumaa, tarehe 27, tukaenda Detroit. Jioni nikashuka besimenti na soksi zangu, mashine imebandikwa karatasi, imeharibika, fundi anakuja Jumatatu. Tukapigwa 4-1, ya 121, na Tigers wakafungua shampeni kwa sababu ushindi uleule uliwapeleka mtoano.

Mke wangu alikuwa jikoni. Hakugeuka hata kunitazama, aliuliza tu, "Ndoo haikuwepo?"