Valvu mbili au nne: uliza injini itazunguka kasi gani

Anayenunua pikipiki siku hizi huambiwa "hii ni ya valvu nne", na bei inapanda hapohapo. Valvu ni vilango vya injini vinavyoingiza hewa na petroli na kutoa moshi. TVS Apache RTR 160, kwa mfano, imeuzwa kwa aina zote mbili, ya valvu mbili na ya nne, ujazo wa injini (cc) uleule. Tofauti ipo kweli, ila haimfai kila mtu.

Juu ya pistoni pana nafasi ya duara tu. Valvu nne ndogo hupitisha hewa nyingi kuliko mbili kubwa, na kwa kuwa kila moja ni nyepesi, springi huiwahi kuifunga hata injini ikikimbia mno. Plagi nayo hukaa katikati, moto ukafika kila upande upesi. Honda RC166 ya mashindano, mwaka 1966, ilikuwa na cc 250, silinda 6 na valvu 24. Ilifika mizunguko 18,000 kwa dakika.

Lakini bodaboda haikimbii hivyo. Inabeba abiria wawili na gunia, inapanda kilima taratibu. Hapo njia pana ya hewa hugeuka hasara: hewa hupita kinyonge, huchanganyika vibaya na petroli, na nguvu ya kuvuta hupungua. Njia nyembamba ya valvu mbili huisukuma hewa kwa kasi. Tena fundi ana tapeti (mwanya wa valvu) mbili tu za kupima, na valvu zikiungua unanunua mbili.

Honda wenyewe waliliona hili. CB400 Super Four ya 1999 ilitumia valvu mbili kwa kila silinda hadi karibu mizunguko 6,750, ndipo nyingine mbili zikafunguka. Yamaha nao walifika tano kwa silinda kwenye FZ750 ya 1985, lakini R1 ya 2007 ikarudi kwenye nne.

Ni kweli kwamba mhandisi makini anaweza kubana njia za valvu nne na kupunguza udhaifu wake kwenye mizunguko ya chini, na kwa msafiri wa Dodoma hadi Morogoro mimi ningechagua nne bila kusita. Kwa bodaboda ya mizigo, naona mbili zinatosha kabisa. Kabla ya kulipa, tazama kwenye karatasi ya vipimo nguvu ya kuvuta inafikia kilele mzunguko wa ngapi. Ikiwa ni 7,000 nawe hushinda kwenye 4,000, nguvu hiyo hutaigusa.