Mabata Mstarini

Kwanza niseme: mie sinywi, sijawahi kunywa, na hamira niliinunua dukani mchana kweupe mbele ya watu. Inabidi nianze hivyo kwa sababu huku kwetu Pemba habari hufika Wete kabla ya gari, na hadi leo kuna wanaonisalimia kwa kuniuliza lini napika tena.

Ilikuwa vuli. Darasa la tano tulikuwa na matuta matano ya mchicha nyuma ya skuli, na konokono wakadhani tumewalimia wao. Asubuhi unakuta majani yametobolewa kama chekeche, na michirizi ya ute inang'ara mpaka ukutani. Watoto wakataka tumwage chumvi. Nikakataa, chumvi inamuua konokono, lakini mvua ikinyesha inaingia ardhini, na mchicha nao unakwenda. Mie nilikuwa na dawa nyengine: maji ya hamira na sukari. Konokono hupenda harufu ya kitu kinachochacha. Unafukia kikopo mpaka mdomo ubaki juu kidogo ya udongo, anakuja kunusa, anatumbukia.

Nikaona hapa pana somo zima. Nikatia maji ya uvuguvugu kwenye chupa, kijiko cha hamira, vijiko viwili vya sukari, nikauvisha mdomo wa chupa puto. Tukakaa tukilitazama. Lilikuwa limelala ubavuni kama sikio la mbuzi, kisha likaanza kujinyanyua, taratibu, hadi likasimama. Darasa lilipiga kelele mpaka mwalimu wa jirani akaja kuchungulia.

"Hamira ni kiumbe hai," nikawaambia. "Ndiyo hii inayoumua mikate ya kumimina kwenu. Inakula sukari, inatoa kabonidayoksaidi."

Kuna mtoto mmoja anakaa mbele, kila darasa lina wake. Akanyoosha mkono. "Mwalimu, inatoa hewa tu?"

"Hewa tu."

Nilimdanganya. Hamira iliyofungiwa kwenye maji ya sukari inatoa vitu viwili, na cha pili nilikijua vizuri sana. Ila niliona si cha kutajwa mbele ya watoto ambao jioni wanakwenda chuoni na juzuu zao.

Jumatano hiyo tukafukia vikopo. Na kwa kuwa mkono wangu ni mzito, nilikuwa nimekoroga ndoo nzima ya lita kumi, kilo moja ya sukari ndani. Iliyobaki nikaiweka chini ya mwembe, nikaifunika jani la mgomba, nikaisahau.

Ijumaa asubuhi tuko mstarini. Mwalimu mkuu anazungumzia nidhamu. Mabata sita ya jirani yakatokea upande wa bustani, na wa mbele anatembea kiubavu kama kaa. Wa pili akafika miguuni kwa mwalimu mkuu, akakaa kitako, akamtazama, akafumba jicho moja. Dume akaikabili nguzo ya bendera, akarudi nyuma, akaikabili tena. Wanafunzi walikuwa wameng'ata kola za mashati. Mie nilikuwa nahesabu hatua za kufika getini.

Mwenye mabata akaja mbio, kanga mkononi. "Mwalimu, mmewapa nini wanangu? Wametoka kwangu wazima hawa!"

Tukaongozana mpaka mwembeni. Jani la mgomba liko chini, ndoo imebaki nusu, na vikopo vyote vimekombwa, konokono na maji yake. Mwalimu mkuu akainamia ndoo, akanusa, akainuka polepole.

"Hii nini?"

"Dawa ya konokono, mwalimu."

"Mbona inanuka tembo la mnazi?"

Yeye harufu ya tembo ameijulia wapi, hakuna aliyethubutu kuuliza.

Kumbe shida yenyewe ilikuwa bado. Bibi yule alikusudia kuchinja wawili siku ya Jumapili, ana khitma. Sasa bata aliyelewa, analika? Akaitwa maalimu wa chuo. Akatutazama mmoja mmoja, akamtazama bata aliyelala chali, akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Alipopata pumzi akasema wafanywe kama kuku anayekula uchafu: wafungiwe siku tatu, wale kisafi, ndipo wachinjwe. Khitma ikaliwa kwa samaki. Pumba ya siku tatu nikanunua mie.

Mchicha, kwa taarifa yenu, ulistawi. Yale mabata yaliuonja ule utamu wa konokono, na kila alfajiri yalirudi kuangalia kama pana kingine.

Mwisho wa muhula niliweka swali: taja vitu viwili vinavyotolewa na hamira ikila sukari. Mtoto wangu wa mbele akaandika: "1. Hewa. 2. Ile waliyokunywa mabata."

Nikampa alama zote mbili.