Bi Mkubwa na Mkasi Wake

Mama yangu ni fundi cherehani wa Tanga, na fundi cherehani akiona pindo limechanika usingizi hauji. Nawaambia mapema msije mkashangaa.

Alikuja Edmonton, Kanada, kunitembelea, akaikuta mezani kadi ya Wayne Gretzky ya mwaka 1979, ya O-Pee-Chee, wale waliokuwa wakiuza kadi za wachezaji ndani ya pakiti za bigijii.

"Huyu kijana mbona mwembamba hivi? Kwao wanakula?"

Nikamweleza: hapo ana miaka 18, ndiyo kwanza anaingia NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu. Alikuja kufunga magoli 894 na kutoa pasi za magoli 1,963. Kwenye hoki goli ni pointi moja, na pasi ya goli nayo ni pointi moja; hata ukimfutia magoli yote, kwa pasi peke yake bado ana pointi nyingi kuliko mchezaji mwingine yeyote wa ligi ile.

"Kumbe mtoto ana roho ya kugawa." Hapo mama akaanza kumpenda.

Akaipa Edmonton ubingwa mara 4, kisha Agosti 1988 klabu ikamuuza Los Angeles. Watu walilia.

"Na wewe unataka kumuuza tena?"

Nilitaka, ndiyo. Kadi kama hiyo isiyo na doa iliuzwa dola milioni 3.75 mwaka 2021. Yangu kona zilishachakaa, lakini nauli ya mama ya kurudi ingetoka.

Sasa, kadi za O-Pee-Chee zilikatwa kwa waya, kwa hiyo kingo zake zina manyuzinyuzi kama zimetafunwa na panya. Wajuzi wanazitaka hivyohivyo. Mama si mjuzi.

Asubuhi naamka, kadi imenyooka pande zote nne. Ule utepe wa buluu wa pembeni upande mmoja umebaki uzi tu, na mabaki yamekusanywa vizuri kwenye kisosi.

"Nimekutengenezea," akasema.

Tukaenda dukani wote wawili. Mzee wa duka akashika lenzi, akapima kwa rula, akapima tena. Akapitisha kidole ukingoni polepole, akauliza ni nani aliyekata.

Mama, ambaye Kiingereza chake kinaishia kwenye "helo", alikiona kile kidole tu, akajua kazi yake inasifiwa.

"Mwambie ni mimi," akasema, huku anafungua mkoba. "Na kama ana nyingine zenye manyuzi azilete, mkasi ninao. Wewe nimekufanyia bure kwa kuwa mwanangu. Yeye, dola mbilimbili."