Trilioni za Kwenye Karatasi

Desemba 21, 2017, Jaji O. P. Saini wa mahakama maalumu ya Delhi aliwaachia huru washtakiwa wote wa kesi ya masafa ya simu, akiwamo waziri wa zamani wa mawasiliano, A. Raja. Aliandika kwamba kwa takriban miaka saba alikaa akimsubiri mtu wa kuleta ushahidi unaokubalika kisheria, na hakutokea hata mmoja. Wanasiasa wa Congress, chama kilichoongoza serikali wakati leseni za masafa hayo zikigawiwa, wakamgeukia mkaguzi wa hesabu za serikali aliyekuwa amekadiria hasara ya trilioni za rupia: zile trilioni zako ziko wapi?

Zilikotoka ni hapa. Januari 2008 serikali ya India iligawa leseni 122 za simu kwa bei iliyowekwa mwaka 2001. Kwa nchi nzima mwombaji alilipa rupia bilioni 16.58. Novemba 2010, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Vinod Rai, alitoa ripoti iliyojaribu kukadiria mapato yaliyopotea. Alikokotoa kwa njia kadhaa. Ya chini ilitoa rupia bilioni 577 hivi, na ya juu, iliyotumia bei za mnada wa masafa ya 3G wa 2010, ilitoa trilioni 1.76. Ni namba ipi iliyopanda kwenye vichwa vya habari, huna haja ya kuambiwa.

Kapil Sibal, aliyechukua wizara baada ya Raja kujiuzulu, alijibu kwamba hasara ilikuwa sifuri. Ilisikika kama dhihaka, lakini nyuma yake kulikuwa na hoja. Serikali inaweza kuamua kuuza kwa bei nafuu ili simu zimfikie mkulima. Huo ni uamuzi wa sera, na mkaguzi hakupigiwa kura na mtu. Tena bei ya 2010 si bei ya 2008. Masafa yaliponadiwa Novemba 2012, serikali ilitarajia rupia bilioni 280 ikaambulia kama 94. Hapo Rai alibanwa, na sioni namna ya kumtetea. Hasara ya kudhaniwa ni ya kudhaniwa tu, na hesabu inayoweza kutofautiana mara tatu kwa kubadilisha njia ya kukokotoa haifai kutangazwa kama fedha zilizoibwa.

Ila wanaoishia hapo wanaisahau Februari 2, 2012. Siku hiyo Mahakama ya Juu ilifuta leseni zote 122, na haikuhitaji trilioni hizo kufanya hivyo. Ilitazama foleni. Utaratibu ulikuwa wa kwanza kufika ndiye wa kwanza kuhudumiwa, lakini tarehe ya mwisho ya kupokea maombi ilirudishwa nyuma hadi Septemba 25, 2007, na waombaji wakaja kutangaziwa Januari 10, 2008. Alasiri hiyohiyo walitakiwa kuwasilisha nyaraka na hundi za benki za mabilioni, na kwa muda mfupi namna ile aliyekwisha kujiandaa ndiye aliyewahi. Yote haya yamo katika ripoti ileile ya mkaguzi. Jaji Saini aliulizwa jambo jingine: nani ana hatia ya jinai? Kukosekana kwa jibu hilo hakuifanyi foleni iliyochezewa kuwa halali.

Kwa nini basi mkaguzi abebe namba kubwa wakati alikuwa na hoja iliyonyooka? Katiba ya India, ibara ya 148, inamlinda: haondolewi ila kwa utaratibu wa kumwondoa jaji wa Mahakama ya Juu. Lakini hawezi kumshtaki mtu, wala kuzuia malipo. Anaitwa Mdhibiti kwa jina tu, kwani hadhibiti fedha zinapotoka hazina. (Mwenzake wa Tanzania ana kazi hiyo kikatiba, Kenya waliigawa mwaka 2010 na kumpa ofisa mwingine.) Asiye na rungu hupaza sauti, na namba kubwa ndicho kipaza sauti kilichokuwa karibu.

Upinzani wa wakati ule, BJP, uliibeba namba hiyo hadi kwenye uchaguzi wa 2014 ukashinda. Agosti 2023, BJP ikiwa madarakani, ripoti nyingine ilisema barabara ya Dwarka, kati ya Delhi na Gurugram, iliidhinishwa kwa rupia bilioni 2.5 kwa kilomita, wakati Baraza la Mawaziri lilikuwa limeridhia milioni 182. Wizara ya barabara ikajibu kwamba mkaguzi amekosea kulinganisha: ile ya chini ni wastani wa mpango wa nchi nzima, na hii ina sehemu za juu ya nguzo na handaki. Hoja ya haki kabisa, karibu ileile aliyoitoa Sibal. Safari hii walioipungia serikali ripoti ya mkaguzi walikuwa Congress.